Akiba ya Nani?

Swali ninalotaka kulijadili katika sura hii ni jepesi kulitamka na zito kulijibu. Mtu akitoa fedha yake leo, na faida ikamwangukia mwingine asiyemjua, je, tuseme fedha ile imepotea au imewekwa? Na kama imewekwa, akiba hiyo ni ya nani?

Swali hili nilikutana nalo mahali ambapo sikutarajia, yaani katika hesabu ya paneli za umeme wa jua juu ya paa la nyumba huko Hamburg, mji wa kaskazini mwa Ujerumani. Binti yangu, ambaye ni muuguzi, anaishi huko tangu mwaka 1998. Kwa miaka mingi alikuwa mpangaji katika jengo la ghorofa, na mwaka 2021 yeye na mumewe walinunua nyumba ndogo kwa mkopo. Mapema mwaka 2024 fundi aliwaletea makadirio ya kuweka paneli. Akanitumia karatasi ile pamoja na maneno haya: "Shikamoo Baba. Wewe ni mwalimu wa hesabu, tuangalizie kama inalipa."

Ndugu msomaji, pengine utauliza kwanza walivyouliza wengi niliowasimulia: jua la nini katika nchi ya theluji? Tuanze hapo. Paneli haihitaji joto, inahitaji mwanga. Tena joto ni adui yake, kwani paneli ya kawaida hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu yake kwa kila nyuzi moja ya joto inayozidi 25. Paneli iliyo juu ya bati la Dodoma ikipata joto la nyuzi 60 imekwisha kupoteza kama asilimia 14. Ile ya Hamburg, siku ya baridi yenye anga safi, haipotezi kitu kwa sababu hiyo. Theluji nayo si kikwazo kikubwa. Mapaa mengi ya huko yana mwinuko na theluji huteleza, tena huanguka katika miezi ambayo mavuno ni haba hata pasipo theluji.

Tatizo la kweli ni ufupi wa mchana. Mwishoni mwa Desemba, jua la adhuhuri la Hamburg hupanda digrii 13 tu juu ya upeo wa macho, na mchana wote ni wa saa saba na nusu. Kwa mwaka mzima, paneli za kilowati moja huko hutoa uniti kama 900. Paneli za ukubwa huohuo katikati ya Tanzania zingetoa zaidi ya uniti 1,400.

Basi nilichukua kalamu. Mtambo ulikuwa wa kilowati 8, bila betri, kwa yuro 13,000. Mavuno ya mwaka yangekuwa uniti 7,200. Katika hizo, uniti 2,000 wangezitumia wenyewe badala ya kuzinunua kwa senti 35, nayo ni yuro 700. Uniti 5,200 zilizobaki wangeziuza katika gridi kwa senti 8, nayo ni yuro 416. Jumla ni yuro 1,116. Nikaondoa yuro 116 kwa bima na kwa kuweka kando fedha ya kubadilisha inveta, ambayo haidumu kama paneli zenyewe. Ikabaki yuro 1,000 kwa mwaka. Kwa hiyo fedha ingerudi baada ya miaka 13. Binti yangu alikuwa na umri wa miaka 54, na siku fedha yake itakapotimia kurudi atakuwa na miaka 67, umri wa kustaafu kwa rika lake huko. Paneli hudumu miaka 25 na kuzidi. Nikamwandikia kwamba inalipa, ila polepole, na kwamba asiiguse fedha ya masomo ya watoto kwa ajili hiyo.

Alinipigia simu jioni ile. "Baba," alisema, "hesabu yako ni sahihi, lakini inaanza mwaka 2024. Yangu inaanza mwaka 2000."

Kumwelewa kunahitaji maelezo kidogo. Mwaka 2000 Ujerumani ilianza kutumia sheria iliyomwahidi kila mwenye kuweka paneli kwamba umeme wake utanunuliwa kwa bei maalumu, isiyobadilika, kwa miaka 20. Kwa nyumba zilizoweka paneli mwaka 2004, bei ilikuwa senti 57.4 kwa uniti. Mwenye paa la kilowati 5, akivuna uniti 4,500, alipokea yuro 2,583 kwa mwaka, na katika miaka 20 zaidi ya yuro 51,000. Ni kweli kwamba paneli zilikuwa ghali, zaidi ya yuro 5,000 kwa kila kilowati, lakini faida ilikuwapo, tena ya uhakika.

Fedha hiyo ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ilitoka katika ankara za umeme. Kila uniti iliongezewa tozo kwa ajili ya umeme wa jua, wa upepo na wa vyanzo vingine vya namna hiyo. Mwaka 2017 tozo ilifika senti 6.88. Familia iliyotumia uniti 3,000 ilitoa yuro 206 mwaka huo, kabla ya kodi. Viwanda vikubwa vinavyotumia umeme mwingi vilisamehewa sehemu kubwa ya tozo. Mpangaji hakusamehewa. Mwezi Julai 2022 tozo iliondolewa, na mzigo ukahamishiwa bajeti ya serikali.

Sasa, zaidi ya nusu ya familia za Ujerumani ni wapangaji, na mpangaji hana paa. Mwenye paa alipewa, asiye na paa akatoa. "Mwenye nyumba wetu," alisema binti yangu, "aliweka paneli juu ya vichwa vyetu. Tulimlipa kodi ya pango, tukachangia na paneli zake. Leo nimepata paa langu, naambiwa senti nane."

Sikuwa na jibu la haraka. Nilichokuwa nacho ni picha ya chumba cha dada yangu kijijini kwetu, wilayani Kondoa. Mwaka 2016 alinunua paneli ya wati 50, betri na taa tatu, kwa fedha ya ufuta wake mwenyewe. Kabla ya hapo alitumia kibatari, na ukuta wa chumba chake ulikuwa mweusi kwa moshi hadi darini. Nilipoanza kazi ya ualimu, paneli ilikuwa kitu kisichofikiriwa kijijini. Baadaye tulianza kuiona kwenye zahanati za misheni, ikiendesha jokofu la chanjo, zawadi ya wafadhili. Ilikuwaje mkulima wa ufuta akaweza kuinunua dukani kama anunuavyo jembe?

Bei ilianguka. Karibu na mwaka 2000, wati moja ya paneli iliuzwa kwa dola nne au tano za Marekani. Mwaka 2024, kiwandani, ilikuwa chini ya senti 20. Wachunguzi wa mambo haya wameona kwamba kila wingi wa paneli zilizotengenezwa duniani unapoongezeka mara mbili, bei hushuka kwa karibu sehemu moja ya tano. Japani ilianza kuwasaidia wenye nyumba mwaka 1994, lakini sheria ya Ujerumani ndiyo iliyofungua soko kubwa kuliko yote ya wakati wake. Viwanda vya China vilijengwa vikilitazama soko hilo, vikashusha bei hadi kuwashinda Wajerumani wenyewe. Kampuni ya Q-Cells, iliyokuwa mwaka 2008 mtengenezaji mkubwa wa seli za jua duniani, ilifilisika mwaka 2012. Hata wafanyakazi wake, basi, wamo katika orodha ya waliolipa.

Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Hapa naona jambo ambalo methali haikulitaja: mmoja amechumia baridini, na mwingine amekula kwenye jua la Kondoa. Nilimwambia binti yangu hivyo. Nilimwambia kwamba zile senti za ankara zake zimo ndani ya taa ya shangazi yake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nafurahi, Baba. Lakini sikuulizwa."

Neno hilo nimelitafakari kwa muda mrefu, kwa sababu limenikumbusha mwaka 1977, nchi ilipokuwa ikijiandaa kwa Elimu ya Msingi kwa Wote. Nilikuwa mwalimu kijana katika shule iliyohitaji madarasa mawili zaidi. Kijiji kiliitisha mkutano. Mzee mmoja asiyejaliwa mtoto alisimama akauliza kwa nini afyatue matofali ya shule ambayo hatapeleka mtu. Hakunyamazishwa. Alijibiwa kwa hoja, wakabishana hadi jua likaelekea kuzama, mwishowe akakubali. Kwa umri wake hakupewa zamu ya matofali, alipewa ya kuchota maji. Siku madarasa yalipofunguliwa, mwenyekiti alisoma majina ya waliojitolea, na jina lake lilikuwa la tatu.

Naona mambo matatu katika mchango ule: mzee aliulizwa, alibebeshwa kadiri ya nguvu zake, na alishukuriwa. Tukiipima tozo ya Ujerumani kwa mizani hiyo, tutaona nini?

Kwa habari ya kuulizwa, bunge lilijadili na kupiga kura. Nchi ya watu milioni themanini haiwezi kukaa chini ya mwembe. Binti yangu wakati ule hakuwa raia na hakuwa na kura, lakini sharti hili nakubali kwamba lilitimizwa kadiri nchi kubwa inavyoweza.

Kwa habari ya kubeba kadiri ya nguvu, naona kasoro ya kweli. Muuguzi na tajiri walilipa kiwango kilekile kwa uniti. Kiwanda kikubwa kilipunguziwa. Mwenye uwezo wa kujenga paa alirudishiwa. Ni kama mwalimu anayekusanya mchango wa taa ya darasa sawasawa kutoka kwa yatima na kutoka kwa mtoto wa mwenye duka, kisha akamruhusu mtoto wa mwenye duka kwenda na taa nyumbani. Taa inaweza kuwaka vizuri sana, na darasa zima likafaulu mtihani, na bado mchango ukawa umegawanywa vibaya. Uzuri wa matunda haujibu swali la nani alibeba mzigo.

Lakini nisieleweke vibaya. Wako wanaosema kwamba jambo lisilo na haki kamili lisingefanywa kabisa. Nami nawauliza: dada yangu angengoja hadi lini? Anayeumizwa na tozo anaiona katika ankara yake na anaweza kulalamika. Anayeumizwa na kuchelewa hayumo mkutanoni, wala hajui kwamba kuna mkutano. Moshi wa kibatari ulikuwa unalipwa pia, na waliokuwa wakiulipa kwa macho na mapafu yao hawakuulizwa wala hawakupunguziwa. Kama ningekuwa na kura mwaka 2000, ningeipigia sheria ile kura ya ndiyo, kisha ningepigania mpangaji apunguziwe.

Limebaki jambo la tatu, la shukrani, na hapa ndipo ninapoona kwamba tuliofaidika tumelala. Tumezoea kusema kwamba teknolojia imeshuka bei, kama mtu asemavyo kwamba mvua imenyesha. Bei haikushuka yenyewe. Ilishushwa na watu waliolipa mapema, ilipokuwa ghali, wengi wao bila kujua walikuwa wakimlipia nani. Kwa hiyo jibu langu kwa swali nililoanza nalo ni kwamba akiba hii haikupotea, ila imekuwa amana mikononi mwa waliofaidika. Aliyeipokea anatumia kilicho halali kwake, lakini hana haki ya kujidai kwamba ni kazi ya mikono yake peke yake, na anapopata nafasi ya kumpunguzia mwingine mzigo, atajua kwamba anarudisha tu.

Binti yangu na mumewe walitia sahihi. Mtambo ulifungwa mwezi Mei 2024. Desemba ya kwanza ulitoa uniti 118, na Juni iliyofuata uniti 1,020, na kwa kutazama namba hizo mbili tu utaijua hali ya hewa ya nchi ile. Mwaka huohuo wa 2024 sheria za huko zilirahisishwa, mpangaji akaruhusiwa kuweka paneli ndogo kwenye roshani yake na kuziunganisha kwa inveta isiyozidi wati 800, na mwenye nyumba hawezi tena kumkatalia pasipo sababu nzito. Binti yangu alitumia Jumamosi mbili kumsaidia muuguzi mwenzake, mama anayelea watoto peke yake katika nyumba ya kupanga, kununua paneli mbili na kuzifunga. Sikumwagiza kufanya hivyo.

Mimi nami nilikwenda kijijini, nikamweleza dada yangu habari hizi zote, tozo na ankara na wapangaji wa Hamburg. Alinisikiliza huku akichambua mboga chini ya taa yake. Nilipomaliza aliuliza wako wangapi, nikamwambia ni mamilioni. Akafikiri. "Basi wote hatuwawezi," alisema. "Huyo wetu tumpelekee ufuta."

Nilimtumia kilo mbili, pamoja na barua hii ambayo sasa imekuwa sura ya kitabu.