Enzi Zikipita, Nani Ana Deni kwa Nani?

Somo: Ezra 3:8–13, 2 Wafalme 18:4

Wiki hii nataka tufikirie swali linalogusa kipindi chetu cha sifa kila Jumapili, ingawa halikuanzia kanisani. Nyimbo za watu zikipitwa na wakati, je, wale waliozipenda wana haki ya kudai chochote? Na wale wanaoleta mpya, je, wana deni lolote kwa waliowatangulia?

Tuanzie huko nje. Mimi nilikua enzi za kapuka na genge. E-Sir alipofariki kwa ajali ya barabarani mwaka 2003, shuleni kwetu hakukuwa na habari nyingine. Ogopa Deejays na Calif Records ndio walikuwa sauti ya Nairobi, na sisi tuliamini hiyo sauti haitaisha. Ikaisha. Mwaka 2018 kundi la Ethic likatoa Lamba Lolo, gengetone ikajaa kwa matatu, na mashujaa wetu wakawa wazee ghafla. Gengetone nayo haikukaa. Sasa ni arbantone, na ukisikiliza vizuri utagundua midundo yake mingi imechotwa kutoka nyimbo za ujana wetu. Kijana anacheza akidhani ni kitu kipya, kumbe mtu wa rika langu aliyekaa kiti cha nyuma anaujua huo mdundo kutoka shule ya msingi.

Muziki wa injili umepita njia hiyo hiyo. Kuna waliookoka wakimsikiliza Mary Atieno, au Faustin Munishi na kodiani yake, kwa kaseti za River Road. Wengine waliinuliwa na sauti ya Angela Chibalonza, ambaye Bwana alimtwaa mwaka 2007. Leo kijana wa miaka 18 anapata wimbo kwa simu usiku wa Ijumaa, na Jumapili uko madhabahuni.

Nilisomea biashara, na darasani tulifundishwa kwamba kila bidhaa ina maisha yake: inazaliwa, inakua, inakomaa, inashuka. Ikishuka, mfanyabiashara mwerevu haiombolezi. Anaiondoa kwenye rafu na kuweka nyingine. Hesabu hiyo ni sawa kwa sabuni, maana sabuni haina mtu ndani yake. Lakini wimbo una mtu ndani yake. Kuna mama aliimba wimbo fulani wodini usiku kucha mtoto wake akiwa mgonjwa. Ukiutoa huo wimbo kwenye rafu, huyo mama utamweka wapi?

Mama mmoja wa hapa kwetu aliniuliza baada ya ibada, "Pasta, hizi nyimbo mnaimba siku hizi sizijui hata moja. Sasa nikifa mtaniimbia gani?" Alicheka aliposema, lakini halikuwa jambo la kucheka. Wiki hiyo hiyo kijana wa timu ya sifa akaniambia, "Pasta, tukiendelea na hizi za kina shosho, marafiki wangu hawatarudi." Naye hakuwa anatania. Na wote wawili wanampenda Yesu.

Kosa la kwanza tunaloweza kufanya ni kuufanya uzee wa kitu kuwa utakatifu wake. Musa alitengeneza nyoka wa shaba kwa agizo la Mungu, na watu wakapona. Miaka mamia baadaye, mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande, kwa sababu Israeli walikuwa wanamfukizia uvumba. Kitu kilikuwa cha Mungu kweli, lakini watu walishika chombo wakamsahau aliyekitumia. Mhubiri naye, sura ya 7:10, anasema hakuna hekima kuuliza kwa nini siku za zamani zilikuwa bora kuliko za leo.

Tena hizo tunazoziita za zamani zilikuwa za kisasa siku moja. Isaac Watts wa Uingereza alipochapisha nyimbo zake mwaka 1707, makanisa mengi ya huko yaliimba Zaburi tu, na wengine waliona ameharibu ibada. "Usinipite," tunaouimba kutoka Tenzi za Rohoni, uliandikwa na Fanny Crosby, mama kipofu wa Marekani aliyefariki mwaka 1915. Katika siku zake ulikuwa wimbo mpya wa mikutano ya injili.

Kosa la pili ni kuufanya upya wa kitu kuwa upako wake, halafu kumhesabu mtu kama bidhaa iliyopita tarehe. Ati wazee watazoea tu, na wasipozoea, basi, si watatuacha hivi karibuni? Ndugu yangu, huyo unayempigia hesabu ni wewe mwenyewe, miaka 30 ijayo. Mathayo 7:12 inakuhusu.

Sasa tazama Ezra 3. Watu wamerudi kutoka Babeli, msingi wa hekalu jipya umewekwa. Wazee walioiona nyumba ya kwanza wanalia kwa sauti kuu. Wengi wengine wanapiga kelele za furaha. Kelele zinachanganyika mpaka mtu hawezi kutofautisha kilio na shangwe. Kinachonigusa ni kwamba hakuna anayekemewa. Hakuna anayewaambia wazee wanyamaze wasiharibu sherehe, wala anayewaambia vijana waache furaha kwa kuwaheshimu wazee. Wazee walikuwa na haki ya kulia, kwa sababu kilichopotea kilikuwa kizuri kweli na wao ndio walikiona. Vijana walikuwa na haki ya kushangilia, kwa sababu kwao huu ulikuwa mwanzo. Na wote walikuwa wamesimama kwenye msingi mmoja.

Hapo ndipo naona jibu la deni. Mzee ana deni la kupokeza. Usimpe kijana lawama tu, mpe habari ya huo wimbo: ulikuokoa na nini, uliuimba ukiwa wapi. Kijana ana deni la kujifunza kabla ya kuacha. Kama hata wale wa arbantone wanarudi kuchota kwa waliowatangulia, sisi tunaosema ni familia moja tutashindwa? Na kanisa lina deni la kuhakikisha hakuna mtoto wa Mungu anayekuwa mgeni nyumbani kwa Baba yake.

Na kupima tupime, lakini tupime maneno, si umri wa ngoma. Wimbo unaomdharau binti wa mtu ni mbaya ukiwa wa rumba, wa genge au wa gengetone. Wimbo wa ibada usiosema lolote la kweli juu ya Mungu ni mtupu, hata ukiwa na miaka 100.

Kuanzia Jumapili ijayo, timu ya sifa itajifunza wimbo mmoja kila mwezi kutoka kwa mshirika mzee, na yeye mwenyewe atatueleza habari yake. Vijana nao watafundisha kanisa lote wimbo mmoja mpya, polepole, maneno yakiwa yameandikwa kwa herufi kubwa. Yule mama nitamwomba awe wa kwanza.

Maswali ya kikundi cha nyumbani
1. Ni wimbo gani ulikubeba wakati mgumu? Waeleze wenzako habari yake.
2. Kuna kitu kanisani unakishika kwa sababu ni cha Mungu, au kwa sababu umekizoea?
3. Ni nani wa rika tofauti na lako utakayeketi naye Jumapili hii?

Mungu awabariki.