Nani Ataona?

La kuvunda halina ubani, walisema wahenga. Methali hiyo nimeifundisha mara nyingi, nikaitungia maswali na kusahihisha majibu ya wanachuo kwa wino mwekundu. Hata hivyo, nakiri kwamba niliielewa barabara nilipokwisha kuvuka umri wa miaka sabini, nikiwa nimelala chali chini ya gari bovu nyumbani kwangu Vwawa, mikono imejaa grisi na mgongo unaniuma.

Gari lenyewe ni Datsun 1600 SSS. Vijana wengi wa leo hawalijui, lakini kwa sisi tuliokuwa vijana mwanzoni mwa miaka ya 1970 lilikuwa gari la sifa. Mwaka 1970 gari la aina hiyo lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki likiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka uliofuata dereva huyo huyo akashinda tena kwa Datsun 240Z. Mimi nililinunua langu mwaka 1984 kwa mwalimu wa kigeni aliyekuwa akirejea kwao baada ya mkataba wake kwisha. Siku zile hata sabuni ilikuwa ya kupangia foleni, seuze vipuri vya gari. Nililazimika kujifunza kulitengeneza mwenyewe, na kwa takriban miaka arobaini nikalitunza kama mtu anavyomtunza ng'ombe wa maziwa.

Nililiuza kwa sababu mjukuu wangu alipata nafasi ya kusoma chuo kikuu na ada haikutosha. Kijana mmoja mfanyabiashara wa Tunduma, anayependa magari ya zamani, alikuja kulitazama, akalizunguka mara tatu, akatoa arbuni siku ile ile. Sharti lake lilikuwa moja tu: nitengeneze klachi kwanza, kwani ilikuwa ikiteleza. Injini ilinguruma, gari likabaki linajivuta.

Kwa faida ya msomaji asiyejua mambo haya, nieleze kidogo. Injini haisukumi mfululizo. Husukuma kwa mipigo. Ili mipigo hiyo iwe mwendo mmoja laini, nyuma ya injini hufungwa gurudumu zito la chuma ambalo mafundi huliita flaiwili. Aliyetazama cherehani anaelewa mara moja: mguu ukipumzika, gurudumu huendelea kuzunguka, na mshono haukatiki. Klachi ni sahani inayobanwa kwenye uso wa gurudumu hilo na sahani nyingine yenye springi. Ikibanwa, nguvu hupita kwenda kwenye giaboksi. Dereva akikanyaga pedali, sahani huachia, naye hupata nafasi ya kubadilisha gia. Vitu vyote hivyo vimefichwa ndani ya kasha la chuma. Mtu anaweza kumiliki gari maisha yake yote asivione hata siku moja.

Nilimwita fundi wa mtaani kwetu, mtu wa makamo, mpole na hodari. Tulifanyia kazi chini ya mparachichi uani. Tulikata waya wa betri, tukalitega gari juu ya magogo imara, tukafungua propela, stata na silinda ndogo ya klachi, kisha tukaishusha giaboksi polepole juu ya jeki na matairi mawili ya zamani. Sahani ya klachi ilikuwa imelika hadi ribiti zake zimeanza kuuchora uso wa flaiwili. Hilo tulilitarajia. Tusilolitarajia ni hali ya flaiwili yenyewe. Ilikuwa na mabaka ya buluu kwa sababu ya kuungua, na juu yake mistari midogo midogo kama udongo wa bwawa lililokauka.

"Hizi nyufa za moto, Mwalimu," alisema fundi. "Mkerezaji akichonga kidogo tu zinaondoka."

Alisema kweli, kwani nyufa za juujuu huondoka kwa kukereza. Lakini mstari mmoja ulikuwa mrefu kuliko mingine na haukunipendeza. Tulifungua bolti tukaitoa flaiwili. Miaka ya 1980 fundi mmoja wa reli ya TAZARA alinionyesha njia rahisi ya kupima chuma, nami sikuisahau kwa sababu ilitumia kifaa cha kazi yangu. Unakisafisha chuma, unakipaka mafuta ya taa, unangoja, unakifuta kikauke kabisa, halafu unakipaka unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hupanda juu, yakailowesha chaki. Nikaenda kutafuta chaki chumbani. Mwalimu mstaafu hakosi chaki. Tulipaka, tukakaa kunywa chai. Tuliporudi, mstari ulikuwa umejichora wenyewe juu ya weupe, kutoka kwenye tundu la bolti hadi karibu na ukingo. Fundi aliining'iniza flaiwili kwa kamba akaigonga kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia kama kengele. Kile kilitoa sauti butu, kama chungu chenye ufa.

Tulinyamaza kidogo. Kisha fundi akasema, kwa sauti ya kunihurumia, "Mwalimu, tukikereza na kufunika kwa klachi mpya, nani ataona?"

Ndugu msomaji, usimwone fundi huyu kuwa mtu mbaya. Alijua kwamba flaiwili nyingine, kama ingepatikana, ingekula karibu robo ya bei ya gari. Alijua habari ya ada ya mjukuu wangu. Alijua pia kwamba chuma kile kilikuwa kimezunguka hadi juzi bila kupasuka. Isitoshe, yeye huishi kwa kuungaunga, kama tunavyoishi wengi wetu. Malori yanayopanga foleni Tunduma kuvuka kwenda Zambia, mengi yanatembea kwa akili na mikono ya watu kama yeye. Nikamwambia anipe usiku mmoja.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikumbuka kisa nilichokuwa nikiwafundisha wanachuo katika somo la falsafa ya elimu, kisa cha mchungaji Gyges kilichomo katika kitabu cha Plato kiitwacho Jamhuri. Mchungaji huyo aliokota pete iliyomfanya asionekane na watu kila alipoigeuza. Kwa pete hiyo akamtongoza malkia, akamuua mfalme, akatwaa ufalme. Anayekisimulia kisa hicho anauliza: mtu akiwa na hakika kwamba hataonekana, ana sababu gani ya kutenda haki? Wanachuo wangu walizoea kujibu kwamba Mungu anaona. Wengine walisema kwamba dhamiri inaona. Niliwapa alama wote, kwani majibu yote mawili yana uzito.

Lakini usiku ule sikufikiria macho yoyote. Niliufikiria mkono wangu mwenyewe.

Katika miaka ya 1990, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, aliletwa kwangu mwanachuo aliyeshindwa mazoezi ya kufundisha. Hakuwa mvivu, ila hakuyajua aliyokuwa akiyafundisha. Mkufunzi aliyemkagua aliandika kwamba kijana yule hakuweza kueleza kwa nini nusu ni kubwa kuliko theluthi. Mtu mmoja mwenye cheo alinijia akaniomba nimsaidie, akasema amebakiza somo hilo tu na nyumbani kwao wanamtegemea. Hakunipa rushwa. Alinipa sababu nzuri, na sababu nzuri ni hatari kuliko rushwa. Nilichukua kalamu nikaibadilisha alama moja. Nilijiambia kwamba karatasi ile itafungiwa kabatini, na nani ataona?

Baada ya miaka sita au saba nilipita katika shule moja ya msingi kwa shughuli nyingine. Mwalimu mkuu akanitembeza madarasani. Katika darasa la nne watoto walisimama wakaimba kwa pamoja sentensi zilizoandikwa ubaoni, bila kukosea hata neno. Kwa mazoea ya kazi nikamwomba mtoto mmoja asome sentensi ya tatu peke yake. Hakuweza. Wa pili naye hakuweza. Walikuwa wamezikariri kwa mfuatano kama wimbo. Mwalimu wao alikuja mbio kutoka nyuma ya darasa, uso umejaa furaha. "Shikamoo, Mkuu! Hunikumbuki?" Nilimkumbuka sana. Nikamwitikia marahaba, nikamshika mkono. Watoto walikuwa zaidi ya hamsini, nao walinitazama kwa heshima kwa sababu mwalimu wao aliniheshimu.

Tangu siku hiyo nimeshindwa kuridhika na swali la Gyges, na chini ya mparachichi ndipo nilipoelewa kwa nini. "Nani ataona?" ni swali la mtu anayejifikiria mwenyewe: nitakamatwa au sitakamatwa, nitasifiwa au nitaaibika? Hata anayejibu kwamba Mungu anaona, yamkini bado anahesabu faida na hasara zake. Swali linalofaa kuulizwa na mtu anayefanya kazi ya kufichika ni lingine: nani atabebwa na kitu hiki? Injini ikifika mizunguko elfu tatu kwa dakika, flaiwili huzunguka mara hamsini kwa sekunde moja, sentimita chache kutoka miguuni pa dereva. Ikipasuka, vipande vyake hukata kasha na sakafu. Atakayebebwa na kazi yetu ana haki kwetu, aione kazi hiyo au asiione. Tena asiyeweza kuiona ana haki kubwa zaidi, kwa sababu hana njia ya kujilinda isipokuwa sisi.

Mtu atasema: mweleze mnunuzi ukweli, kisha aamue mwenyewe. Nilifanya hivyo asubuhi. Nilimpigia simu kijana wa Tunduma nikamweleza habari ya ufa. Akacheka. "Mzee wangu, nipunguzie laki tano, liende hivyo hivyo." Hapo ningeweza kusema kwamba nimenawa mikono. Nimesema ukweli, naye mtu mzima amekubali. Lakini nilikuwa nimemwona alipokuja kulitazama gari. Alikuja na mkewe, na watoto wawili waliorukaruka kwenye kiti cha nyuma. Nilifikiria pia mlima Senjele, ambao kila mtu wa huku anaujua kwa ajali zake, na watu wanaotembea kando ya barabara hiyo. Hao sikuwapigia simu. Kusema ukweli ni wajibu, lakini aghalabu tunamwambia mmoja hatari itakayowafika wengine, kisha tunajiita waaminifu.

Sisemi kwamba kila kiraka ni dhambi. La hasha. Mwenye kudai kila kitu kiwe kipya katika nchi ya watu wenye kipato kidogo, aghalabu ni mtu mwenye fedha za kujivunia uadilifu. Sahani ya klachi tuliyofunga ilikuwa imebandikwa upya na ribiti. Gundi na ribiti za fundi hodari si uongo. Ubovu ni kukificha kiungo ambacho mwingine ataegemea uhai wake.

Basi nilimwambia mnunuzi kwamba bei ni ile ile na gari litachelewa. Fundi alizunguka siku mbili, akaipata flaiwili kwenye mzoga wa Datsun 160J uliolala nyuma ya gereji moja upande wa Nakonde, maana injini zake ni za jamii moja. Kabla ya kulipa alihesabu matundu na meno ya stata, akapima nafasi kati ya tundu na tundu, akaipaka mafuta ya taa na chaki bila kuambiwa na mtu. Chaki alikuwa ameichukua kwangu. Ilibaki nyeupe. Ikakerezwa, tukaifunga kwa bolti mpya tukizikaza kwa kukingamanisha, tukaweka bearingi mpya, tukaiweka sahani katikati kwa kutumia shafti ya giaboksi ya zamani. Siku ya tano nililiendesha hadi Mlowo na kurudi. Pedali ilikuwa laini, na gari liliondoka bila kutetemeka. Mjukuu wangu alichelewa chuoni wiki tatu, akanilaumu kidogo, kisha akaenda.

Ile flaiwili ya zamani fundi aliiomba, nami nikakataa, kwa sababu nilijua ingefungwa kwenye gari jingine. Tuliiweka juu ya jiwe tukaipiga nyundo kubwa. Kwa pigo la tatu ilipasuka, ikafuata ule ule mstari wa chaki.

Fundi alijifuta jasho, akavitazama vipande viwili, akatabasamu. "Mwalimu wewe ni mkali," alisema. "Bila shaka kule chuoni hakupita mtu asiyestahili."

Sikumjibu. Nilikusanya spana nikaanza kuzifuta moja moja. Flaiwili niliweza kuibadilisha kwa siku tano na robo ya bei ya gari. Watoto wa darasa lile sasa ni watu wazima, na baadhi yao bila shaka wanao watoto shuleni. Fundi wangu husoma magazeti na vitabu anavyovikuta kwangu, na huenda siku moja akakifungua na hiki. Akifika hapa, basi amepata jibu lake.