Maombi Yasiyomjua Mwombaji

Wiki hii mama mmoja mkulima wa mwani, mkaazi wa pwani ya mashariki ya Unguja, aliniletea hati ya maombi ya ruzuku iliyoandikwa kwa niaba ya kikundi chake, akaniomba nimfasirie yaliyomo kabla ya kuitia saini. Na tangu saa ile moyo wangu haujatulia. Hati yenyewe ilikuwa ya Kiingereza fasaha, imepangwa kwa sura na vifungu, haina kosa la herufi wala la nukta. Iliandaliwa na ofisi moja ya washauri wa mjini ambayo, kama nyingi za namna yake siku hizi, kazi ya kutunga huiachia akili mnemba, kisha hudai ujira wa mtunzi.

Nilimfasiria taratibu. Tulipofika mahali palipoandikwa kwamba sehemu kubwa ya fedha itajenga ghala la baridi la kuhifadhia mavuno, alinitazama kwa mshangao, kwa kuwa mwani huanikwa ukakauka, ukatiwa maguniani, na ghala la baridi hauna haja nalo. Tukaendelea. Hati iliahidi kwamba mavuno ya kotoni, aina mojawapo ya mwani, yataongezeka maradufu katika mwaka wa kwanza, yakivunwa kila wiki. Hapo alinishika mkono, akasema: “Mwanangu, kotoni imetufia. Maji ya huku ufukweni yamekuwa ya moto, inalainika na kukatika ingali changa. Sisi siku hizi twapanda spinosamu, na kuvuna twangoja bamvua. Nani aliyewaambia haya?”

Hakuna aliyewaambia. Kotoni ina bei nzuri kuliko aina hiyo ya pili, spinosamu, na kila aliyeandika juu ya soko la mwani ameisifu; basi mashine, ambayo hutunga kwa kufuata yaliyokwisha kuandikwa na wengine, ilipoona nafasi tupu iliijaza kwa kilichozoeleka. Kwamba kilimo hiki kimeshika pwani ile tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwamba kina mama hawa wameiona bahari ikibadilika mbele ya macho yao, ni maarifa ambayo mshauri angeyapata kwa kuuliza maswali mawili matatu. Hakuuliza. Mama yule alikataa kutia saini, nami nilimuunga mkono.

Najua atasimama mtu aniambie kwamba nawaonea washauri na chombo chao. Atasema kwamba mfanyabiashara mdogo, fundi cherehani au mwokaji mikate, ameachwa nyuma miaka mingi kwa sababu moja tu, nayo ni kutojua lugha ya wafadhili. Atanitajia Tony Elumelu Foundation, ambayo tangu 2015 inawapa wajasiriamali wa Afrika mtaji wa dola 5,000 usiorejeshwa, na ataniuliza ni wangapi wenye biashara njema walioshindwa mlangoni kwa kukosa mtu wa kuwapangia maneno. Hoja hii ni ya insafu, wala siikanushi. Mtu akiitumia mashine mwenyewe, kwa habari zake mwenyewe, akayapima iliyomwandikia kwa anayoyajua, hana lawama kwangu, namtakia kheri.

Lakini mshauri halipwi kwa ajili ya Kiingereza tu, hulipwa amsikilize mteja. Wale makarani waliokuwa wakikaa na taipureta zao nje ya posta na mahakama, wakiwaandikia watu barua na mashtaka kwa ujira mdogo, walimsikiliza mteja kwanza hadi amalize, ndipo wakaandika, na wengi wao walimsomea alichokisema kabla ya kukifunga katika bahasha. Ile taipureta iliharakisha mkono wa karani. Haikumpa ruhusa ya kumsemea mtu asiyemsikiliza.

Fitina nyingine imo katika malipo. Ofisi niliyoitaja ilidai fungu la fedha zitakazopatikana, na mwenye kulipwa hivyo, akiwa na chombo kinachoandika hati nzima kwa dakika chache, ana kila sababu ya kurusha maombi mengi kila upande akingoja moja linase. Huko Marekani, Grant Professionals Association, chama cha waandishi wa maombi ya ruzuku, kinawakataza wanachama wake ujira wa asilimia. Na mwaka 2025 taasisi ya utafiti wa afya ya nchi hiyo, NIH, ilipoona watafiti wengine wanaleta maombi zaidi ya 40 katika duru moja, iliweka ukomo wa maombi 6 kwa mtafiti mmoja kwa mwaka, ikatangaza kwamba hati iliyotungwa kwa kiasi kikubwa na akili mnemba haitapokelewa kuwa ni fikra za mwombaji. Wafadhili wetu nao watachoka, na watakapochoka, mlango utamfungia hata yule aliyesema kweli.

Na msiba mkubwa zaidi ni maombi hayo kukubaliwa. Fedha za ruzuku hufungwa kwa masharti ya kilichoandikwa. Mkaguzi akija atauliza ghala liko wapi na kotoni iko wapi, na atakayesimama mbele yake kujibu ni aliyetia saini. Mshauri atakuwa amekwisha kuchukua fungu lake. Kumtia mtu asiye na hatia katika taksiri ya namna hiyo, kwa uvivu wa kutomsikiliza, ni dhuluma, hata kama kila sentensi ya hati imenyooka.

Enyi wenye ofisi hizi, tumieni mashine mtakavyo katika kupanga na kusahihisha. Ila kabla ya kutuma hati yoyote, mwiteni mwenyewe, msomeeni kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, na kila asichokitambua kuwa ni chake kifuteni mbele ya macho yake. Nawe msomaji, ukiletewa maombi yako ukakataliwa kusomewa, usitie saini.