Mashine Iliyoitikia "Mm-hmm"



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Mbuba, Ngara, nikiandaa kazi ya darasani kuhusu uongo. Jioni moja nikakaa nje, upande ule mtandao unakoshika, nikafungua video ya zamani kidogo: hotuba ya ufunguzi ya Google I/O, mkutano wa watengeneza programu. (Bando lenyewe la kuungaunga!)

Ilikuwa tarehe 8 Mei 2018, Mountain View, California. Sundar Pichai, mkuu wa Google, aliwasikilizisha watu rekodi ya programu iitwayo Duplex ikipiga simu saluni kuweka miadi ya kukata nywele. Dada wa saluni alipoomba asubiriwe kidogo, ile sauti ikaitikia, "Mm-hmm." Watu wakaangua kicheko.

Bibi alikuwa pembeni anachambua maharage. "Wanamcheka nani?" Nikamweleza.

"Na mwenyewe ameambiwa kwamba anaongea na mashine?"

"Hapana, bibi."

Akarudi kwenye maharage yake. Mimi nikabaki na swali lake.

Kwa Mtakatifu Augustino, mwongo ana jambo moja moyoni na jingine mdomoni, naye anakusudia kudanganya. Sasa mashine haina moyo. Tena ilichosema kilikuwa kweli: nywele zinahitaji kukatwa, siku ni fulani. Uongo uko wapi? Kidogo tu niandike kwamba haupo.

Lakini "mm-hmm" si habari, jamani. Haisemi lolote kuhusu nywele. Kazi yake ni kumwambia mwenzako: nipo, nakusikia. Na pale hakukuwa na mtu. Mashine haikukusudia kitu, sawa, ila walioitengeneza walikusudia. Walitaka mazungumzo yawe ya kawaida, na nia hiyo si mbaya. Bado kuna binadamu aliyeaminishwa kwamba anasikilizwa na binadamu mwenzake. Watu walipolalamika, Google ikasema programu itajitambulisha. Hati ya Vatikani *Antiqua et Nova*, ya Januari 2025, nayo inasema tusiionyeshe akili mnemba kana kwamba ni mtu.

Nilikuwa nimeshaandika kurasa mbili za kuwasema watu wa California. Ndipo, wakati wa chakula, nikamuuliza mama mbona mzee jirani yetu hajaja kunisalimu kama kawaida yake.

Mama akanyamaza. Kisha akasema, "Si nilikwambia kwenye simu? Tulishamzika. Na wewe ukaitikia."

Nikaikumbuka simu ile. Ilikuwa usiku, spika imewashwa, macho yangu yako kwenye kompyuta. "Mm. Mm. Ndiyo, mama."

Kesho yake nikaenda kukaa na mjane wake, simu nikaiacha nyumbani. Aliongea muda mrefu. Zile kurasa mbili nilizichana, nikaanza kuandika upya.