Asiyepiga Naye Ana Fungu

Je, mtu ambaye hajaleta ushindi kwa mkono wake mwenyewe anastahili fungu sawa na yule aliyeuleta? Swali hili limo katika kila usharika, ingawa ni mara chache tunalisema kwa sauti. Hujitokeza tunaposoma majina ya watu wa kushukuriwa siku ya mavuno. Hujitokeza pia moyoni mwa Mkristo anayejiona hana karama yoyote ya maana. Napenda tulitafakari kwa njia ya mchezo ambao vijana wetu wengi wanaufahamu kuliko sisi wazazi wao, yaani Pokémon.

Mchezo huu ulitoka Japani mwaka 1996, ukiwa umebuniwa na Satoshi Tajiri, mtu aliyependa kukusanya wadudu utotoni. Mchezaji hukusanya viumbe wa ajabu, huwafundisha, kisha huwapambanisha na viumbe wa mwenzake. Anayeshindwa hafi, huzimia tu. Tangu mwanzo yalitolewa matoleo mawili, jekundu na la kijani, na baadhi ya viumbe walipatikana katika toleo moja tu. Mtu asiyebadilishana na mwenzake hakuweza kukamilisha mkusanyiko wake.

Kila kiumbe hubeba mbinu nne tu. Akitaka kujifunza ya tano, sharti aache moja. Mwaka 2002 yakaongezwa mapambano ya wawili dhidi ya wawili, na hapo zikapata maana mbinu ambazo kwa kiumbe aliye peke yake hazifai kitu. Iko iitwayo Helping Hand, yaani mkono wa msaada. Anayeitumia hamgusi adui hata kidogo, bali huliongezea pigo la mwenzake nusu ya nguvu yake. Iko Follow Me, ambayo humfanya anayeitumia avute kwake mapigo yaliyokusudiwa mwenzake. Na iko Earthquake, tetemeko la nchi, pigo kali sana, ila humpiga hata mwenzako aliye ubavuni. Kuna watu wenye karama za namna hiyo kanisani: wakitenda, kazi huonekana, na waliosimama karibu nao huumia.

Katika mashindano ya dunia ya mwaka 2014, yaliyofanyika Washington, bingwa wa kundi la watu wazima alikuwa Se Jun Park wa Korea Kusini. Kikosini mwake alimweka Pachirisu, kiumbe mdogo mfano wa kindi, ambaye wachezaji wengi hawakumhesabu kuwa wa kutegemewa. Kazi yake kubwa ilikuwa kujivutia mapigo ili wenzake wenye nguvu wapate nafasi ya kushambulia.

Msomaji wa Biblia ataikumbuka habari ya Kutoka 17. Yoshua alipigana na Waamaleki bondeni, Musa akasimama kilimani na mikono yake imeinuliwa. Mikono ilipochoka, Haruni na Huri waliishika, mmoja upande huu na mwingine upande huu, mpaka jua lilipokuchwa. Hawakushika upanga siku ile. Lakini kila mikono ile iliposhuka, waliokuwa bondeni walishindwa.

Hata hivyo tusiridhike upesi. Mtu anaweza kuuliza: je, Pachirisu hakuthaminiwa kwa sababu tu alifaa? Asingeleta faida, angeachwa nje ya kikosi, na wako viumbe wengi walioachwa hivyo. Hoja hii ni ya kweli, nayo inatugusa. Tukisema kwamba mama anayefagia kanisa ni wa thamani kwa kuwa bila yeye ibada haiendi vizuri, tumemheshimu kwa kipimo kilekile cha faida, ila tumekipanua kidogo. Je, siku atakaposhindwa hata kushika ufagio? Mgonjwa wa miaka mingi, asiyeweza kuja ibadani wala kutoa sadaka, ana fungu gani?

Hapa mchezo hauwezi kutupeleka mbele zaidi, na ni lazima twende 1 Samweli 30. Daudi aliwafuata Waamaleki akiwa na watu 600. Kwenye kijito cha Besori, 200 kati yao walichoka wasiweze kuvuka, wakabaki penye vyombo. Wale 400 waliporudi na nyara, baadhi yao walikataa kuwagawia waliobaki. Daudi hakujibu kwa kuhesabu faida ya kulinda vyombo. Alianza kwa kuwakumbusha kwamba nyara zile walipewa na Bwana. Ndipo akaamuru kwamba aliyeshuka vitani na aliyekaa penye vyombo wagawane sawasawa, na neno hilo likawa sheria katika Israeli.

Huo ndio msingi. Kama ushindi ni mshahara, waliopigana wana haki ya kudai zaidi. Kama ni zawadi, hakuna mwenye haki ya kumnyima mwenzake. Anayeweza kusaidia na asaidie, hata kwa mbinu isiyoonekana, maana fungu sawa si ruhusa ya uvivu: wale 200 walitembea mpaka nguvu zikawaishia. Lakini aliyeishiwa nguvu hatudai faida.

Tunapoandaa orodha ya shukrani mwaka huu, tuanze na waliobaki kijitoni. Wazee wa kanisa wanawajua kwa majina, na nyumba zao haziko mbali.