Mlinzi Asiyeonekana

Mtu akitimiza wajibu wake barabara, na wenziwe wakaiuza kazi kwa siri, je, uaminifu wake ni bure?

Huko Marekani uko mchezo uitwao besiboli. Mmoja hutupa mpira, mshindani wake huungoja na gongo ili aupige, na nyuma ya mpigaji huchutama mdakaji, amevaa kinyago cha chuma usoni. Yeye ndiye mlinzi. Humwonyesha mtupaji kwa vidole namna ya mpira utakaotupwa, huuzuia usipite, na mshindani akikimbilia kituo cha mbele kwa hila, huurusha upesi ili anaswe. Watazamaji humshangilia apigaye mbali. Aliyezuia hasara hasifiwi, maana hasara isiyotokea haina wa kuiona. Ndipo wahenga waliposema: Usione vyaelea, vimeundwa.

Ray Schalk alikuwa mdakaji wa Chicago White Sox toka mwaka 1912 hata 1928. Alikuwa mtu mfupi, wala hakuwa hodari wa gongo: katika kila mara 1,000 alifaulu 253 tu. Sifa yake ilikuwa ulinzi. Hata mpira uliporushwa kituo cha kwanza, alikimbia nyuma yake, ili ukimponyoka mwenziwe yeye aukamate.

Mwaka 1919 timu yake iligombea ubingwa na Cincinnati, ikashindwa michezo 5 kwa 3. Mwaka 1920 ikafichuka ya kuwa baadhi ya wenziwe walipokea fedha za wacheza kamari ili timu ishindwe. Wanane walifukuzwa daima mwaka 1921, na wawili wao walikuwa watupaji aliokuwa akiwapa ishara kwa vidole vyake. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako. Schalk hakuwamo.

Mtu atasema, "Alipata faida gani? Alishindwa pamoja nao." Nami najibu: Aliyeshindwa na aliyeuza hawafanani, ijapokuwa hesabu ya michezo ni ile ile. Ushindi ulikuwa mikononi mwa wengi; mlango aliopewa aulinde ulikuwa mikononi mwake peke yake. Tena, fimbo zote zikipinda, ni ipi itakayoonyesha kupinda kwa nyingine?

Mwaka 1955 jina lake liliwekwa pamoja na mashujaa wa mchezo huo huko Cooperstown. Heshima hiyo ilikuja miaka 36 baada ya mashindano yale. Uaminifu wake haukuingoja. Basi, kila mtu na alinde mlango wake, aonwe asionwe.