Haba Isiyojaza Kibaba: Furaha ya Kila Siku na Suala la Kuridhika

Suala la furaha limewashughulisha wanafalsafa kwa karne nyingi, na katika fasihi ya Kiswahili hujitokeza zaidi kama suala la kuridhika. Makala haya yanachunguza swali moja la kimaadili: je, mtu apataye furaha yake katika mambo madogo yanayorudiwa kila siku ana hekima, au amezoeshwa tu kutodai haki yake? Mifano inatokana na maisha ya Abagusii wa Kisii na Nyamira, nchini Kenya, ambako swali hili lina uzito wa pekee.

Mkulima wa majani chai wa Nyamira ana furaha za aina mbili. Ya kwanza huja mara moja kwa mwaka, nayo ni bonasi, yaani malipo ya mwisho yatolewayo na viwanda vinavyosimamiwa na KTDA baada ya hesabu za mwaka kufungwa. Kwa fedha hizo hulipwa karo, hununuliwa mabati, na madeni hupungua. Ya pili huja kila siku: kikombe cha chai ya maziwa baada ya kuchuma majani mawili na chipukizi tangu asubuhi, ugali wa wimbi, obokima, kwa mgagani uitwao chinsaga, uliopikwa kwa maziwa hadi uchungu ukapungua, na mazungumzo ya jioni karibu na meko.

Methali isemayo kuwa haba na haba hujaza kibaba haiifafanui furaha hii ya pili. Methali hiyo ni ya mwenye kuweka akiba, nayo inaifaa bonasi, kwani kilo zipimwazo siku baada ya siku ndizo zinazofanya malipo ya mwaka. Kikombe cha jana, kwa upande mwingine, hakiongezwi kwenye cha leo. Kimekwisha. Thamani yake imo katika kurudi kwake. Aristotle alishikilia kwamba siku moja haimpi mtu heri, kwa kuwa heri ni ya maisha mazima. Epicurus naye alifundisha kuwa chakula cha kawaida humpa mwenye njaa raha isiyopungua ile ya karamu. Hoja hizi mbili hukutana katika kile kinachorudiwa: raha ndogo irudiapo, siku zilizotawanyika huungana zikawa maisha.

Hata hivyo, si kila marudio yana heri. Huko Tabaka, mchongaji wa jiwe la sabuni aweza kuchonga kiboko yuleyule mara mia kwa agizo la mchuuzi asiyejali mkono uliomchonga. Marudio hayo yamewekwa na mwingine, kwa faida ya mwingine.

Tofauti hiyo ndiyo inayosaidia kuisoma upya riwaya ya Shaaban Robert, Utubora Mkulima. Utubora anaacha kazi ya mjini na kwenda kulima shamba, akaridhika. Uhakiki wenye mwelekeo wa Kimarx huelekea kuona katika uamuzi huo ndoto ya kuikimbia migongano ya jamii. Lakini Utubora alichagua. Mkulima wa Nyamira hakuichagua bei. Majani aliyochuma huishia katika mnada wa Mombasa, naye hununua chai yake kwa pakiti. Na bonasi ya magharibi ya Bonde la Ufa mara nyingi imekuwa chini ya ile ya mashariki.

Kwa hiyo, hapana budi kuuliza ni nani anayelitamka neno kuridhika. Likitamkwa na anayeridhika, ni fadhila. Likitamkwa na anayenufaika kwa kuridhika kwa mwenzake, ni hila. Mkulima aendaye mkutanoni kuhoji bonasi, kisha akarudi nyumbani kunywa chai yake kwa utulivu, hajipingi. Chai haimnyamazishi, wala madai hayamharibii chai. Huenda asiye na raha yoyote ya kila siku ndiye aliye rahisi kunyamazishwa, kwani hana anachokijua kwa ulimi wake kuwa ni chema, cha kukilinganisha na kile anachopewa.

Bonasi huonyesha jinsi mkulima alivyotendewa kwa mwaka mzima. Kikombe cha jioni huonyesha kwamba mwaka huo, pamoja na dhuluma zake, ulikuwa wake.